Mwendo wa Pekupeku

Mwalimu wa chekechea ndiye aliyenitia hofu. Alisema binti yangu wa miaka mitano anatembea "vibaya kidogo", akanielekeza kituo cha afya hapa Ilala ambako watafiti walikuwa wanapima mwendo wa watoto. Vibaya kidogo! Maneno hayo yalininyima usingizi. Baba yake alifariki mimi nikiwa mjamzito. Mtoto huyu ndiye niliyebaki naye.

Mama mkwe alisema tutaenda wote, na mjukuu wake hatapimwa akiwa na ndala. Akaenda soko la Mchikichini, akarudi na viatu vyeupe vya mtumba, vizuri kweli, vyenye nafasi ya kukulia. Mtaani kwetu mtoto hanunuliwi kiatu cha kumkaa. Ananunuliwa cha mwakani. Akasokomeza vitambaa kwenye ncha, kazi ikaisha.

Dada mpimaji alimwamkia mama mkwe shikamoo, kisha akamfunga mtoto vifaa vidogo mfano wa saa za mkononi, kimoja kwenye kila kifundo cha mguu na kimoja kiunoni. Kila hatua ilichora mstari kwenye kompyuta. Mtoto akaenda hadi mwisho wa ukumbi, akarudi.

"Anaburuta miguu yote miwili," dada alisema, uso umekunjamana. "Kwa umri wake angekuwa anainyanyua."

Nikaanza kumwomba Mungu palepale, kimoyomoyo. Dada akainama, akabonyeza ncha ya kiatu, ikabonyea yote. Akavuta kitambaa cha kwanza, akavuta cha pili, akaangua kicheko.

"Bibi, hivi viatu vya nani?"

"Vyake. Si atakua navyo?" mama mkwe alijibu, bila aibu hata chembe. Nilitamani kummeza mzimamzima.

Mtoto akapimwa tena, pekupeku. Safari hii mistari ilipanda na kushuka vizuri, ila mguu wa kulia aliutupa nje kidogo kabla ya kukanyaga. Nikajua hicho ndicho mwalimu alichokiona.

"Huu si ugonjwa, dada yangu," mpimaji aliniambia. "Ndivyo anavyotembea. Watoto hubadilika wakikua. Mlete mwakani, huenda utakuta ameacha."

Nilishusha pumzi. Nilipomgeukia mama mkwe, alikuwa anajifuta macho kwa mtandio.

"Baba yake huyo," alisema. "Hivyohivyo. Nilikuwa namtambua kwa mbali akirudi kutoka sokoni."

Niliumia. Niliishi na mume wangu muda mfupi, na nilizoea kumtazama usoni tu, si miguuni. Na mtoto hakuwahi kumwona hata siku moja.

Tulirudi kwa miguu kupitia Kariakoo, ambako kwa mikokoteni na bodaboda zile mtoto haachiwi mkono. Tulipoingia kwenye uchochoro wetu tukamwachia. Akatangulia pekupeku, viatu kavibeba bibi yake. Tukapunguza mwendo nyuma yake.

"Mwakani usimpeleke," mama mkwe alisema.

Nilikuwa nautazama ule mguu wa kulia.