Jicho la Shemeji

Mume wangu ni fundi wa malori, lakini karakana nzima ilimwita Daktari, na jina lilimkolea. Udaktari wenyewe ulikuwa wa jambo moja tu. Mtu akiingiwa na kitu jichoni, alimkalisha juu ya tairi kuukuu, akampindua kope kwa kijiti cha kiberiti na kukitoa kwa ncha ya leso. Kwa miaka kumi na minane alitoa kutu, mchanga, na mara moja mguu wa mende. Hakusomea popote. Nikimwambia mgema akisifiwa tembo hulitia maji, alicheka, akaniambia nishone nguo zangu.

Mwaka jana fundi mmoja wa rangi alitibiwa naye, jicho likavimba wiki nzima. Tajiri wa karakana akaja juu. "Nikisikia tena umemchokoa mtu jicho," alimwambia mbele ya mafundi wote, "kesho yake usije." Mume wangu aliapa ameacha. Nikamwamini, mjinga mimi.

Shemeji yangu, mdogo wake wa mwisho, alifanya kazi hapo hapo na kulala kwetu. Mtu wa utani. "Shemeji, kaka akikuchosha niambie, mimi nipo," alikuwa akinichokoza kila nikiwaandalia chai. Siku hiyo ya Jumanne alikuwa anang'oa boliti iliyoshika kutu, kwa nyundo na tindo. Miwani ya kazi ilikuwa moja kwa watu saba, tena kioo kimechubuka hata boliti huioni, kwa hiyo hakuivaa. Kitu kikamrukia jichoni.

Daktari wetu akatazama huku na huku, tajiri hayupo, akamkalisha. Akatoa chembe nyeusi kwenye kope. "Imetoka hiyo. Kapige kazi." Kumbe ilikuwa na mwenzake, mdogo kuliko punje ya sukari, na huyo alikwisha kupenya ndani kabisa, na tundu alilopitia limejifunga. Hayo tulikuja kuyajua baadaye.

Asubuhi jicho lilikuwa jekundu. Tulikwenda zahanati watatu, na njiani shemeji ndiye aliyelianzisha. "Nikisema nimeumia kazini, wataniandikia fomu ya mwajiri. Kaka atafukuzwa. Nitasema vumbi." Mume wangu akaongeza mwendo. Nami nilisikia vizuri, nikafikiria midomo ya kulishwa iliyoko nyumbani, nikafyata ulimi.

"Kimeingia nini?" tabibu aliuliza.

"Vumbi tu. Barabarani."

"Hukuwa unagonga chuma? Hukuwa unachomelea?"

"Hapana."

Tabibu alimtazama na kaka mtu. Kaka mtu alikuwa anasoma bango la kunawa mikono kana kwamba ana mtihani. Basi shemeji akazibwa jicho zima, akaambiwa asome herufi ukutani kwa lile bovu. Alisoma mistari minne bila kubabaika. Akapewa dawa ya matone, akaambiwa likizidi kuuma arudi mara moja.

Likazidi Alhamisi, na bado tukasema ni dawa inafanya kazi. Ijumaa alikuwa anatapika kwa maumivu, na ndani ya jicho, chini ya mboni, usaha mweupe umetuama. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Tulikimbilia hospitali kubwa, na daktari wa macho, mama wa makamo, akauliza lile lile: alikuwa anafanya nini?

"Vumbi," shemeji alisema, uso umo viganjani.

"Nyundo," mume wangu akasema. "Nyundo na tindo. Jumanne."

Yule mama aliweka kalamu chini. Picha ya eksirei ilipopigwa, chembe ya chuma ilionekana imekaa ndani ya jicho, inang'aa nyeupe kabisa. Wakampasua jioni ile ile.

Kesho yake alituita pembeni. Hakutugombeza, na afadhali angetugombeza. "Chembe ndogo, tena imepita pembeni. Siku ya pili mtu bado anasoma mistari minne. Macho ya namna hii tunaokoa mengi, tukiyapata kabla ya usaha. Hili limeuawa na siku zilizopita."

"Lakini ataona?" mume wangu aliuliza.

"Nikimmulika tochi, hajui imewaka au imezimwa." Kisha akasema tulilinde sana lile lililobaki, maana jicho lililoumia hivi huweza kulidhuru na mwenzake; likianza ukungu au kuogopa mwanga, hata baada ya miaka, aletwe siku hiyo hiyo.

Nilimchukia mume wangu siku zile. Nilijichukia na mimi, maana nilikuwa na mdomo na sikuutumia.

Mama mkwe alifika Jumapili ya pili, shemeji akiwa amesharudi kwetu, kalala na bandeji. Akamuuliza mgonjwa imekuwaje. "Vumbi, mama," akajibu. "Bahati mbaya tu." Mama alilia mpaka akachoka. Kisha akamgeukia mume wangu, akaishika mikono yake yote miwili.

"Kama si wewe, mwanangu, mdogo wako angekufa na maumivu yake hapa. Ndiwe uliyemfikisha hospitali. Mungu aibariki mikono hii."

Moyoni nilisema, sema sasa. Shemeji alikuwa ameinua kichwa kitandani, anamtazama kaka yake kwa jicho lake moja, naye anangoja.

"Amina, mama," mume wangu akasema.