Waya Kwenye Tundu la Pili

Jamani, hii aibu nilitaka kufa nayo, lakini Mama Chengula, jirani yetu hapa Iringa, ameshaitangaza mtaa mzima, bora niisimulie mwenyewe.

Shangazi yangu Zuhura ni fundi cherehani, na pua yake haisikii harufu hata ya samaki aliyeoza, kwa hiyo jiko la gesi aliloletewa aliliogopa, akabaki na mkaa na kikohozi chake. Mimi, msomi niliyetoka Mbeya (chuo nimemaliza juzi tu, ila mdomo ndiyo usiseme), nikamwambia, "Shangazi, nakutengenezea king'ora cha gesi." Nikaunga kihisi cha gesi, nikaunga bodi, yaani kompyuta ndogo ya kukiendesha, na katikati nikaweka kibao kidogo chenye matundu manne, cha kugeuza umeme wa kihisi kuwa namba, maana bodi ile yenyewe haiwezi kuusoma. Namba zikawa zinacheza kwenye kioo. Nijaribu na gesi kwanza? Ya nini, namba si zinacheza!

Basi Jumapili, wanawake wa kikundi cha Shangazi wamejaa jikoni kukiona king'ora, nikafungua gesi kidogo bila kuwasha moto. Kimya. Nikaongeza. Kimya. "Subirini, bado kinapata joto," nikasema (uongo mtupu, kilikuwa kimewashwa tangu asubuhi), nikaongeza tena, mara Mama Chengula akapiga yowe, "Yesu wangu, tunakufa!" wakatoka mbio, mwingine na kiatu kimoja, na mimi nimekikodolea kioo macho tu mpaka Shangazi, asiyesikia harufu yoyote, akafunga mtungi, akafungua madirisha, akanikokota kwa shati hadi nje.

Uani walinicheka mpaka machozi, nikatamani ardhi inimeze. Shangazi hakucheka. Gesi ilipoisha jikoni, alikileta king'ora uani, akavaa miwani, akauliza, "Waya wa kihisi ni upi?" akaufuata kwa kidole polepole, vile anavyofuata uzi kutoka juu hadi kwenye sindano cherehani ikigoma. Kwenye kibao akasimama, nikamweleza kwamba bodi husoma tundu ninaloiambia tu.

"Huu umeuchomeka tundu la pili. Bodi umeiambia isome lipi?"

Lahaula! La kwanza. Siku zote nilikuwa nasoma tundu tupu, namba zinajichezea zenyewe! Nilimheshimu mwanamke yule mno.

Nikahamisha waya, nikaachia kidogo gesi ya kiberiti cha gesi palepale uani, king'ora kikalia hadi kuku wakatawanyika. Baada ya siku kadhaa za kukijaribu, Shangazi alipika wali kwenye gesi, king'ora kikiwa chini karibu na mtungi wake.

Nimeapa, sionyeshi tena kitu mbele za watu kabla yeye hajakipitishia kidole. Juzi nimempelekea kingine, akakigeuza mara mbili, akanirudishia.

"Fumua, mwanangu. Anza upya."