Shikamoo za Mzee Masanja

Mimi ni fundi cherehani hapa Kambarage, Shinyanga, na ugonjwa wangu ni treni. Kila jioni nikifunga kazi naenda na daftari kwenye geti la reli, pale barabara inapokatiza. Naandika namba ya kichwa cha treni, idadi ya mabehewa, saa geti lilipofungwa na rangi ya bendera iliyopeperushwa. Hakuna aliyenituma. Napenda tu.

Mwaka tisini na nne akaletwa mlinzi mpya wa geti, Mzee Masanja, umri wa baba yangu. Siku ya kwanza aliona kalamu yangu inavyokwenda, akaweka kofia sawa, akasema, "Shikamoo, bosi."

Nikajua amenidhania mkaguzi wa reli. Nilipaswa kumkatalia palepale. Nikaitika, "Marahaba."

Kesho yake nikakuta kiti. Wiki iliyofuata, chai. Na mimi, mjinga, nikaanza kukohoa kama bosi na kumwambia, "Bendera inyooshe vizuri, mzee." Akainyoosha! Kwa miezi miwili hakuna aliyenizidi furaha mjini.

Jumamosi moja nimeinamia cherehani, futi ya kupimia shingoni, nikasikia, "Fundi, nitilie kiraka suruali hii upesi. Mkaguzi wangu mkali."

Nikainua kichwa. Mzee Masanja akanitazama, akalitazama daftari langu kando ya mkasi, akavuta benchi, akaketi mbele ya wateja wote.

"Suruali iache kwanza, ng'wanawane," alisema taratibu, akiniita mwanangu kwa Kisukuma. "Nirudishie shikamoo zangu. Moja moja. Nahesabu."