Yudita Aliyepima Wavuvi

Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kumcheka Yudita, kwa hiyo nina haki ya kumsimulia. Wengine walidandia tu. Naitwa Benedicte, nauza mawese katika soko la Rumonge, na kwa miaka kumi na sita nyumba yangu na yake zimetenganishwa na ukuta mmoja wa matofali ambao hata kikohozi kinaupita. Siri hatuna.

Yudita ni fundi cherehani. Alikimbia vita vya hapa Burundi mwaka wa tisini na tatu akiwa binti wa miaka ishirini, akashona miaka kumi na mitano katika kambi upande wa Kigoma, akarudi akiwa mjane mwenye cherehani moja, futi ya kupimia shingoni, na Kiswahili cha Tanzania ambacho vijana wa hapa wanakitania mpaka leo. Akisema "samahani, naomba kupita," wanampisha kwa madaha kama mke wa gavana. Halafu ni mkaidi. Mwambie njia ile ina matope, atapita hiyo hiyo, kisha aje akuonyeshe viatu vyake visafi.

Siku moja tulikuwa sokoni tukichambua caguwa, ile mitumba inayokuja kwa marobota, akaokota boksi lililobondeka. Ndani mlikuwa na vipande vya kijivu, vidogo, vya ile rezini inayotumika kuziba mashua za fiba: vichwa peke yake, mikono peke yake, viwiliwili, na vibunduki. Karatasi ya maelezo haikuwemo. Juu ya mfuniko palisomeka tu moja kwa thelathini na tano. Mwalimu mmoja aliyekuwa anapita akamweleza kwamba kila kitu humo kimegawanywa mara thelathini na tano, yaani mtu mzima anakuwa chini kidogo ya sentimita tano. Yudita akalinunua boksi, na mimi nikampoteza rafiki kwa mwezi mzima.

Walikuwa askari watano. Aliwaunga kwa supagluu, akawasugua kwa msasa, na jambo la kwanza alilofanya kwa wembe ni kuwakata bunduki zote.

"Hizi nilishazikimbia," akaniambia. "Zisinifuate mpaka mezani kwangu."

Mikono ikabaki imekunjwa bila kitu, naye akaipa kasia, kamba, ndoo. Kofia za chuma akazisugua zikawa nywele. Askari wa watu wakawa wavuvi wa Rumonge. Nikamuuliza kama mtu mzima wa umri wake haoni haya kucheza na wanasesere.

"Mwanasesere unamchezea," akasema. "Huyu ninamjenga. Lete mkono wako."

Alitaka mkono kwa sababu ya rangi. Hakuna duka hapa linalouza rangi ya ngozi yetu kwenye kopo, kwa hiyo alichukua masalio ya rangi za mashua, nyekundu ya msingi, nyeusi, njano kidogo, akazilainisha kwa mafuta ya taa, akawa anapaka doa kwenye mkono wangu kulinganisha. Nilikwenda kanisani Jumapili tatu nikiwa na madoa kama kanga. Midomo na vitambaa alivipaka kwa vanishi ya kucha. Brashi yake ilikuwa ya kupakia wanja.

Wale watano hawakumtosha. Akataka kutengeneza watu wake mwenyewe. Alichonga sanamu ya kwanza kwa sabuni, akanunua silikoni ya mafundi bomba, akaikanda na unga wa muhogo ili ikauke upesi, akaigandamiza kwenye sanamu, akapata kalibu, akamimina rezini ndani. Mara ya kwanza alizidisha dawa ya kukaushia. Kikombe alichochanganyia kikafuka moshi, kikayeyuka, kikaacha tundu kwenye kitambaa cha bibi harusi aliyekuwa anasubiri gauni. Nilidhani ataacha. Alimshonea bibi harusi gauni jingine, akarudi kwenye kalibu.

Kisha ikaja miezi mitatu ya kufungwa ziwa, uvuvi umepigwa marufuku, mashua zote ziko nchi kavu. Yudita akaona Mungu amempangia foleni. Kila asubuhi alishuka ufuoni na futi yake na daftari, akapima. Mtumbwi wa mita saba ni sentimita ishirini. Akapima nguzo, akapima taa, akapima mpaka upana wa benchi. Vifaa vilipokwisha akaanza watu. Akamkuta Abdul, mvuvi mmoja kijana, amelala chali juu ya nyavu mdomo wazi, akaona huu ndio wasaa, akamnyooshea futi kutoka utosini mpaka kisigino.

Abdul akafungua macho. Sasa wewe niambie: hapa kwetu, mtu aliyelala akipimwa urefu kwa futi, anapimiwa nini? Alikimbia ufuo mzima akipiga kelele.

"Yule mama iko ananipima sanduku! Na mi bado kijana!"

Siku mbili hakula. Mama yake akaja kwa Yudita na nusu ya mtaa nyuma yake, wakitaka amfute mtoto wao kwenye daftari. Mtu mwingine angeomba msamaha. Yudita alinipa futi, akalala chini uani mbele yao wote, akasema, "Benedicte, nipime. Pima kwa sauti." Nikapima, nikatangaza. "Andika chini ya Abdul. Kama ni sanduku, basi tunaondoka pamoja." Wakacheka, na Abdul akala.

Nimechelewa kumtaja Kabibi, na habari yenyewe ni yake.

Kabibi alitoka ng'ambo ya ziwa, Kivu ya Kusini huko Kongo, akaja na mumewe Cubaka, mwenye apolo iliyopendeza kuliko zote ufuoni kwetu. Apolo ni mitumbwi miwili mikubwa iliyofungwa pamoja kwa nguzo, wavu katikati, na taa za kuwaita ndagala, yaani dagaa. Cubaka alipougua kifua, mikono ikawa haishiki taa. Kabibi akavaa koti la mumewe, akapanda naye, akashika taa miezi minne. Ufuo mzima ulijua. Mwiko wetu unasema mwanamke hapandi mashua ya kuvua, lakini samaki walikuwa wanakuja, na mwenye sufuria iliyojaa haulizi sana. Cubaka alipofariki, ndipo mwiko ukakumbukwa. Chama cha wavuvi kikamwambia Kabibi akae nyumbani, aajiri nahodha. Akaajiri. Mashua ikawa inarudi asubuhi imeoshwa safi, mzigo umeshauzwa Magara, ufuo mwingine, kwa wachuuzi kabla jua halijatoka. Mara mbili alikiomba chama kimruhusu kupanda mashua yake mwenyewe. Mara mbili alikataliwa, na mara ya pili hawakumpa hata kiti.

Mkubwa wa chama hicho, shefu kama tunavyomwita, ni Aristide, mtu wa tumbo na kofia nyeupe. Alipoona wavuvi wa Yudita dirishani alipenda, akaagiza apolo nzima ya mfano, ikae mezani siku ya kufunguliwa ziwa, mchungaji aiombee, kisha iwekwe ofisini. Mwenyewe akachagua ifuatishwe mashua ya marehemu Cubaka kwa uzuri wake. Akaomba naye awemo, amesimama mbele, na tumbo lipunguzwe kidogo. Yudita akamzungushia futi pale pale, akagawanya, akamwambia tumbo lake litakuwa sentimita tatu na nusu kuzunguka na halina punguzo.

Kazi ilichukua wiki saba. Alipofunua kitambaa nyumbani kwake, nilisahau kukunja mdomo. Nyavu alizitengeneza kwa soksi ya kike, taa kwa shanga. Abdul alikuwemo anavuta kamba. Aristide na tumbo lake. Na kwenye taa, ndani ya koti la kiume lililomzidi, kilemba cha njano, kandambili nyekundu miguuni, Kabibi.

Aristide naye alikuwepo. Alitabasamu, akainama, akaacha kutabasamu.

"Mama Yudita, ile bwato iko muzuri sana, murakoze, asante. Lakini uyu mwanamuke anatafuta nini mule ndani?"

"Anashika taa."

"Mwanamuke akipanda mu bwato, ziwa inafunga. Ndagala zinakimbia. Bazee balisema hivyo."

"Mbona hazikukimbia ile miezi minne?"

"Ile ilikuwa sababu ya maladi ya Cubaka. Haihesabiwe. Umutoe."

"Umeniagiza mashua ya Cubaka, shefu. Nimekupa mashua ya Cubaka na waliokuwa ndani. Simtoi."

"Asiyesikia la mukuu huvunjika guu," Aristide akasema, akaibeba apolo na kuondoka nayo. Nilikasirika mpaka nikamwaga mawese. Nilimwambia Yudita aende akaiteke ile apolo ofisini, mimi nitashika mlango. Akasema kazi ikishatoka mkononi inajitetea yenyewe. Mimi hiyo falsafa sina.

Ikaja Jumamosi ya kufunguliwa ziwa. Saa tisa alasiri ufuo umejaa, ngoma, watoto, mashua zimepakwa upya, mchungaji amevaa koti jeusi katika joto lile. Aristide akahutubia, akafunua meza. Watu wakapiga vigelegele. Mimi nilitazama kwenye taa tu. Kabibi hakuwepo.

Kumbe Aristide alikuwa amemng'oa ofisini kwa vidole vyake. Asichojua ni namna Yudita anavyosimamisha watu wake. Hawagandishi kwa gundi tu. Anatoboa kwa sindano ya moto, anapitisha waya wa chuma kutoka kwenye mbao, kupitia unyayo, mpaka kwenye kisigino, gundi juu yake. Ukivuta, rezini inakatika juu ya kifundo. Miguu haitoki. Na shefu, kwa haraka yake, alidhani miguu ya milimita saba nani ataiona.

Mchungaji aliiona. Alikuwa amevaa miwani, ameinama kuombea vyombo kimoja kimoja kama walivyomwomba, akafika kwenye taa, akasogeza uso karibu. Wavuvi wote wako peku. Hapa kuna kandambili mbili nyekundu, zimesimama peke yake.

"Na hii miguu," akauliza kwa sauti ile ile ya maombi, "iko ya nani?"

Watu wakasogea. Aristide akasema ni kosa la fundi, vitu vidogo vinakatika. Nikafungua kinywa nimjibu, na nilikuwa nimejiandaa vizuri, lakini Yudita akanishika kiwiko. Hakuwa anamtazama Aristide. Alikuwa anamtazama Kabibi, aliyesimama nyuma kabisa, miongoni mwa wanawake wenye mabeseni.

Kabibi akaweka beseni chini. Akapita katikati ya watu mpaka mezani, akaitazama.

"Iko yangu," akasema.

Kisha Abdul, yule yule wa sanduku, akasema akiwa ameangalia mchanga, "Ni kweli, pasta. Mi nilikuwa mule. Taa alishika ye." Mzee mwingine wa mashua hiyo akaitika kwa kichwa. Aristide akaanza habari ya mwiko na bazee, lakini ni vigumu kusema mwanamke hakupanda wakati miguu yake imebaki mezani pako na umeshindwa kuing'oa. Mtoto mmoja akacheka. Kicheko cha ufuoni kinaambukiza kuliko upele.

Kabibi hakumwomba mtu ruhusa, si safari hii. Saa kumi na moja alirudi amevaa koti la Cubaka lililokunjwa mikono. Akapanda mashua yake. Wavuvi wawili wakashuka, mmoja akitema mate. Watatu wakabaki, Abdul akiwemo. Yule nahodha wa kuajiriwa alisimama akimngoja Aristide aseme neno, na Aristide akawa anahangaika na kofia yake. "Weye baki," Kabibi akamwambia nahodha. "Taa na njia nabijua." Wakasukuma. Nililia, na sioni aibu kuandika hivyo. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka wiki nzima, nikauza mawese kwa ishara.

Jumatatu Aristide alikuja kwa Yudita mchana, bila kofia, na kitu kimefungwa kwenye karatasi. Mimi nilikuwa nimekaa pale natoa uzi kwenye pindo. Akafungua. Alikuwa Kabibi, koti, kilemba, hana miguu.

"Mama Yudita, umugandishe. Batu banacheka ile bwato. Banakuja ku ofisi kuangalia miguu tu."

Yudita alimpokea kwa vidole viwili, akamgeuza, akakagua pale palipokatika. Akapuliza vumbi kwenye kilemba. Nilijua gundi anayo, chupa nzima ilikuwa mbele yake karibu na mkasi.

"Simrudishi," akasema.

"Sasa batu nitabaambia nini? Miguu iko, mwenyewe haiko!"

"Waambie mwenyewe ameingia ziwani. Anayetaka kumwona aamke mapema, amngoje anaporudi na samaki."