Jalada la Nyuma Lililompeleka Mama Darasani

Sisi tuliosoma Naliendele wakati kabati la vitabu la shule nzima liliweza kubebwa na watoto wawili, kitabu tulianza kukisoma mgongoni. Tulikigeuza kwanza, kama mama zetu walivyofunua mashavu ya samaki kabla ya kutoa hela. Pale nyuma palikuwa na mistari mitano sita tu, lakini ndani ya mistari hiyo mlikuwa na mtu, na mtu huyo alikuwa matatani.

Mama yangu, ambaye majirani walimwita Mama Somoe kwa jina langu, hakujua kusoma, na waliojua aliwabeza. "Karatasi haijazi chungu," alikuwa akisema. Nilikuwa darasa la tano, msimu wa korosho umepamba moto, vidole vyetu vinanuka mabibo mpaka kwenye uji. Mchana mmoja nikarudi na kitabu alichoniazima Mwalimu Issa. Mama akakinyakua afunikie mtungi.

"Mama, subiri nikusomee hapa nyuma tu."

Akasimama, kiuno kashika. Nikasoma: siku ya harusi yake Mwanahawa alifungua sanduku la mumewe, akakuta nguo za mtoto mchanga zimekunjwa vizuri. Nje ngoma inalia, mashangazi wanamwita mlangoni. Atoke, au aulize?

"Halafu?" Mama akauliza.

"Hapa ndiyo mwisho. Mengine yamo ndani."

"Mwisho gani, na mtu kasimama mlangoni?"

Basi nikasamehewa kuokota korosho. Kila alasiri Mama alibangua, mimi nikasoma, na alimtukana yule bwana harusi kwa Kimakonde na kwa Kiswahili. Siku ya nne Mwalimu Issa akataka kitabu chake, wengine wanakingoja. Zilibaki kurasa thelathini.

Mama akajitanda kanga akaenda mwenyewe shuleni. "Mwalimu, yule binti aliuliza au hakuuliza?"

Mwalimu akacheka. "Njoo kwenye kisomo cha watu wazima, mama. Ukijua kuandika jina lako, nitakuazima wewe kitabu, si Somoe."

Niliona aibu, naungama. Majirani walimwita mwanafunzi mwenye mtoto shuleni, na watoto wenzangu walimwigiza akitamka a, e, i.  Mama alikwenda siku zote za masika, matope mpaka magotini, mpaka akaliandika jina lake kwenye daftari la mwalimu kwa herufi kubwa zilizolala upande. Alirudi na kitabu kakikumbatia. Zile kurasa thelathini zilimchukua wiki tatu, kidole kikifuata neno kwa neno, na hakutaka nimsaidie.

"Aliuliza," aliniambia hatimaye, macho yamelowa. "Mbele za watu wote, na ngoma ikanyamaza."

Sasa tazama majalada ya leo. Juzi niliingia duka la vitabu mjini Mtwara, nikageuza kimoja. "Kitabu kitakachobadilisha maisha yako!" Yapi, kijana, hunijui! Cha pili kimejaa sifa kutoka kwa rafiki watatu wa mwandishi. Cha tatu kina picha ya mwandishi amefunga tai, mkono kidevuni, na orodha ya shahada zake. Hakuna binti, hakuna sanduku, hakuna mlango. Muuzaji, mtoto wa juzi, akaniambia, "Bibi, hiki kinatrendi." Nikamuuliza kinahusu nini. Akageuza nyuma, akasoma, akakwama.

Mama ametangulia mbele ya haki, na mimi sasa nasoma kwa miwani. Ninamkumbuka zaidi nikiwa madukani mle. Zamani mistari mitano ilimtoa mwanamke shambani ikamkalisha kwenye dawati. Hii ya siku hizi inanitoa dukani mikono mitupu.