Lisasi ya baba haina kosa

Leo munganga alitetea lisasi mbele ya baba yangu.

Ile lisasi iko mu tumbo yake tangu murebeli moja amupige mu njia ya Oicha, mimi nikiwa mutoto. Tumbo ikiuma, hata kama ni maharagi, baba anamulaani ule mutu.

Ninyi benye kuwa na bazazi sawa huyu, munanielewa.

Mwezi huu maumivu ilizidi, choo ikaanza kutoka na damu. Baba akasema tena ni lisasi.

Donc nikamuleta Butembo, ku échographie, ile mashini ya kuangalia ndani ya tumbo.

Munganga akamupaka mafuta ya baridi, akapitisha mashini ku tumbo, akaisimamisha upande wa kushoto.

"Muzee, lisasi iko palepale, imelala. Si yenyewe njo inakuuma. Mais hapa ukuta ya utumbo imenenepa. Inaweza kuwa kansa. Tutaingiza kamera ndani, tukate kanyama kadogo ya kupima, njo tutajua."

Nilingojea baba ashituke.

Akajipanguza ile mafuta ya baridi, akafunga mukaba.

Tulipofika inje akaniambia polepole: "Basi ule murebeli nimuondolee laana ya mwezi huu. Zingine zote zibakie."