Wimbo Wetu wa Kukwama Mara Nne

Wakati huo Mitundu kilikuwa kijiji cha ujamaa, na bendi yetu ilikuwa mali ya kijiji kama trekta, ila trekta hatukuwa nalo. Tulikuwa watatu: mpiga gitaa, mpiga ngoma, na mimi mwimbaji, niliyechaguliwa kwa mdomo, siyo kwa sauti. Mwenyekiti wa kijiji alituruhusu kuacha shamba la pamoja siku mbili kwa wiki, tufanye mazoezi ya kushindana na vijana wa Kilimatinde.

"Wanangu, mkishindwa, gitaa nauza, nanunua majembe," alituambia. "Na jembe la kwanza ni lako wewe mwenye maneno mengi."

Tukachagua wimbo wa Kongo uliokuwa unatamba. Redio ya kijiji ilikuwa imeisha betri, basi tukawa tunaendesha baiskeli mpaka Itigi, kwa mzee mmoja Mhindi mwenye duka, aliyekuwa na gramafoni. Tunamwamkia, tunanunua kiberiti kimoja, tunakaa kusikiliza nusu siku.

"Leo tena kiberiti?" alituuliza. "Mnataka kuchoma kijiji?"

Kilingala hatukujua hata neno. Nilikariri tu, kama sala. Katikati palikuwa na pahali patamu: mwimbaji anarudia kipande kilekile mara nne, halafu mzee anapiga kofi ubavuni mwa gramafoni, pwa, wimbo unaendelea. Kila siku mara nne, kila siku kofi. Tukasema Wakongo ni mafundi, na huyu mzee naye muziki anaujua. Kofi tukampa mpiga ngoma.

Mashindano yakafanyika mchana, uwanja wa shule. Kilimatinde wakatangulia, na wimbo wao ni uleule. Walipofika pahali pale wakapita moja kwa moja.

"Wamesahau," nikamnong'oneza mpiga ngoma. "Tumeshinda."

Zamu yetu, nikarudia mara nne, ngoma ikalia pwa. Vijana wa Kilimatinde wakaanguka kwa kicheko.

"Jamani, hawa wameimba mpaka mkwaruzo wa santuri," mmoja akasema.

Hapo ndipo nilipoelewa lile kofi la mzee. Lakini mpiga gitaa alikuwa hajaelewa kitu, akaanza tena wimbo toka mwanzo. Ningefanyaje? Tulipofika penye mkwaruzo nikaganda, mguu mmoja juu, mdomo wazi, mpaka kofi. Akina mama wakainua miguu. Watoto wakainua. Uwanja mzima ukasimama kama korongo, unasubiri kofi.

Mwalimu aliyekuwa mwamuzi akawapa ushindi Kilimatinde.

"Tumekuwa wa pili, mzee," nikamwambia mwenyekiti.

"Kati ya wangapi?"

"Hesabu sikuiweza hata shuleni, mzee."

Akachukua gitaa, akaondoka nalo.

Jumatatu tukawa shambani, nina jembe langu jipya. Mama mmoja mbele akaanzisha ule wimbo, wote tukadakia. Penye mkwaruzo tukarudia mara nne, majembe yakabaki hewani. Hakuna anayeshusha. Mwenyekiti akageuka, akatutazama, halafu akajipiga kofi pajani. Majembe yakashuka kwa pamoja, pwa.

"Gitaa sijauza, jembe hilo nimelitoa stoo," akasema, akijifanya anakagua matuta. "Kesho wenzako waje wapige hukuhuku."

Nikaweka jembe chini taratibu.

"Okota," akasema. "Wewe unaimba kwa mdomo. Mikono inalima."